Raki na moduli za miksa ya kujitengenezea: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi wanaonijia kuhusu miksa ya kujitengenezea huja na mchoro wa saketi mkononi. Wameshachagua priampu (kikuza sauti cha mwanzo), wameshachagua aisii (chipu), wengine wameshanunua rezista za kuwatosha mwaka mzima. Ukiwauliza moduli, yaani kipande kimoja cha miksa chenye paneli yake, itakuwa na upana gani, wanakaa kimya. Majibu haya nimeyaandika kwa ajili yao. Yametoka mezani kwangu Dar es Salaam, na vipimo ni vya viwango vinavyofuatwa dunia nzima.

Nianze na saketi au na bati?

Anza na bati. Saketi unaweza kuibadilisha hata baada ya miaka mitano: unang'oa bodi, unaweka nyingine. Lakini tundu la XLR, ile soketi ya maikrofoni ya pini tatu, ulilokata sentimita moja pembeni ya mahali pake halina dawa, paneli hiyo umeipoteza. Tena bati ndilo linaloiamrisha saketi. Ukishajua kwamba paneli ina upana wa mm 35 na urefu wa mm 128, umeshajua volyumu (vishikio vya kuzungusha) ngapi zitaingia, bodi itakuwa na ukubwa gani na waya zitapita wapi.

Kabla ya kuchora chochote, jibu mambo matatu kwenye karatasi: chaneli ngapi, vitu vingapi vya kushika kwa kila chaneli, na miksa itakaa wapi, ndani ya raki, yaani kabati lenye reli za kufungia vifaa, au imelala juu ya meza. La tatu ndilo watu wanalolisahau, na ndilo linaloamua karibu kila kitu.

U na HP ni nini hasa?

"Inchi 19" ni upana wa paneli nzima ya mbele, pamoja na masikio yake mawili: mm 482.6. Mfumo huu ulianzia kwenye mitambo ya simu mwanzoni mwa karne ya 20, ndiyo maana vipimo vyake ni vya inchi. U ni kipimo cha kwenda juu. U moja ni mm 44.45. Ndani ya subraki, yaani ile fremu inayobeba moduli, upana hupimwa kwa HP, na HP moja ni mm 5.08. Subraki kamili ina HP 84, sawa na mm 426.72.

Hiyo 84 ni namba ya kupendeza kwa mtengeneza miksa. Inagawanyika kwa 6 ukapata moduli 14, kwa 7 ukapata 12, kwa 12 ukapata 7, bila kubakisha mwanya hata mmoja.

Angalia jambo moja: paneli halisi ni ndogo kuliko nafasi yake. Paneli ya 3U ina urefu wa mm 128.5, si 133.35, na matundu yake ya skrubu, la juu na la chini, yameachana mm 122.5. Upana nao hupunguzwa kama mm 0.3. Ukikata kila paneli ya 7 HP kwa mm 35.56 kamili, kisha ukaipaka rangi, ya kumi na mbili utaigonga kwa nyundo na bado itagoma.

Nichague upana gani wa moduli?

Mimi nasema 7 HP, na nitaeleza kwa nini.

Chukua kishikio cha volyumu chenye kipenyo cha mm 15, ambacho ndicho cha kawaida. Kwenye moduli za 6 HP, ambazo ni mm 30.48, kati ya kishikio kimoja na cha jirani panabaki mm 15. Kidole cha shahada kinaingia, lakini ukizungusha kwa haraka unagusa na cha pembeni. Kwenye 7 HP panabaki mm 20, na vidole viwili vya mtu mzima vinapita. Tofauti ya mm 5 inaonekana ndogo ukiwa mezani mchana. Ukiwa ukumbini kwenye harusi, taa zimezimwa, mwimbaji analia kwamba hajisikii kwenye monita, hizo mm 5 ndizo zinazokuokoa usipandishe gitaa ulipotaka kupandisha sauti yake.

Faida nyingine ya 7 HP ni XLR. Soketi ya XLR ya umbo la D inahitaji tundu la mm 24, na uso wake una upana wa mm 26. Kwenye 5 HP, yaani mm 25.4, haiingii. Kwenye 6 HP inaingia kwa kubanana. Kwenye 7 HP inakaa vizuri, na paneli ya nyuma inafuatana na ya mbele: chaneli ya tatu mbele ni tundu la tatu nyuma, huhitaji kuhesabu.

8 HP ina raha zaidi kwa vidole, lakini 84 haigawanyiki kwa 8. Unapata moduli kumi na mwanya wa HP 4 wa kuuziba. Kama unahitaji chaneli nane tu na una vidole vinene, 8 HP ni uamuzi mzuri na hakuna atakayekulaumu.

Mpangilio ninaourudia mara nyingi ni huu: chaneli kumi za 7 HP, ambazo ni HP 70, na moduli moja ya matokeo makuu ya 14 HP. Jumla 84. Moduli ya matokeo inataka nafasi, kwa sababu ina mita za sauti, soketi ya hedifoni na volyumu ya monita. Usiibane ilingane na chaneli kwa sababu tu ya kupenda usawa.

3U inatosha kwa urefu?

Kwa chaneli kamili, hapana.

Hesabu mwenyewe. Nyuma ya paneli ya 3U, reli za juu na chini zinakula nafasi, unabaki na kama mm 110 za kufanyia kazi. Volyumu zikipangwa kwa umbali wa mm 20 kutoka katikati hadi katikati, zinaingia tano. Sasa taja chaneli ya kawaida: gein (ukuzaji wa mwanzo), sauti za juu, za kati na za chini, oksi mbili (njia za pembeni, kama ya monita), pani (kushoto au kulia). Tayari ni saba, na hujaweka swichi ya kuzima chaneli wala ya kusikilizia.

Kuna njia tatu za kutoka hapo. Unaweza kupunguza: gein, sauti za juu, za chini, oksi moja na pani, zikaingia 3U vizuri kabisa, na kwa kwaya ndogo au studio ya chumbani mtu haoni upungufu. Unaweza kupanga volyumu kwa safu mbili, lakini kwenye 7 HP utajuta. Au unaenda 6U, ambapo paneli ina urefu wa karibu mm 262 na volyumu saba zinakaa pamoja na swichi zake na bado pana nafasi ya kuandika majina.

Kwa miksa ya mezani ninapendelea 6U ya volyumu juu na 3U ya feda (volyumu za kusukuma) chini yake. Jumla ni 9U, sawa na mm 400, umbali ambao mkono unaufikia ukiwa umekaa.

Feda za mm 100 zitaingia?

Kwenye 3U, hapana. Mm 100 ni mwendo wa kishikio peke yake. Mwili wa feda yenyewe kwa kawaida unazidi mm 125, nao hauwezi kupita kati ya reli. Feda za mm 60 zinaingia. Ukiona huwezi kuishi bila feda ndefu, tenga eneo lake la 4U na ulifunge kwa paneli moja ndefu ya kukata mwenyewe, bila subraki nyuma yake. Feda hazihitaji bodi yenye kina, kwa hiyo hupotezi kitu.

Kwa nini nisitumie tu raki ya moduli za 500?

Ni swali zuri, kwa sababu moduli za 500 zimeenea sana. Mfumo huo umetokana na miksa za API za Marekani. Kila moduli ina upana wa mm 38.1 na urefu wa mm 133.35, inachomekwa kwenye soketi ya pini 15, na inapata umeme wa +16 na −16 volti pamoja na volti 48 za maikrofoni. Pini 2 na 4 ni sauti inayotoka, 8 na 10 ni inayoingia, 12 na 14 ni umeme, 15 ni zile volti 48.

Ukizisoma pini hizo utaona tatizo lenyewe. Kila moduli inaingiza sauti yake na kuitoa yake, kama duka lenye mlango wake. Hakuna pini iliyowekwa kwa ajili ya laini ya kuchanganyia, yaani waya wa pamoja zinapokutana sauti za chaneli zote. Raki ya 500 ni kabati la priampu na ikwalaiza. Ukitaka iwe miksa, lazima ujenge kichanganyio nje yake na uvute waya kutoka kila moduli. Kama unarekodi na unahitaji priampu nne nzuri, nenda 500. Kama unataka chaneli kumi zinazokutana mahali pamoja, utakuwa unalipia soketi na masanduku usiyoyahitaji.

Na Eurorack?

Huu ni mfumo wa moduli wenye 3U na HP zilezile, kwa hiyo reli na paneli zinafaa. Doepfer wa Ujerumani ndiye aliyeuanzisha katikati ya miaka ya 1990 kwa ajili ya sintesaiza, na umeme wake ni +12 na −12 volti. Chukua reli zake kama unazipata kwa bei nzuri, umeme panga wako.

Nimeona subraki za mitambo ya simu kwa wauza skrepa. Ninunue?

Ndiyo, na usichelewe, ila nenda na futi ya chuma mfukoni. Alumini yake huwa imara, reli zimenyooka, na ndani mara nyingi utakuta miongozo ya plastiki ya bodi za mm 100 kwa 160, ambazo ndizo bodi za 3U.

Pima masikio kwanza. Vifaa vingine vya simu vilitengenezwa kwa kiwango cha Ulaya chenye paneli ya kama mm 535, na hivyo haviingii kwenye raki ya inchi 19 hata ufanyeje. Kisha tazama ule ukanda wa nati ndani ya reli. Subraki za viwandani hutumia skrubu za M2.5, reli nyingi za Eurorack zimetobolewa M3. Ukilazimisha M3 kwenye M2.5, uzi unakwisha pale pale.

Fundi wa mtaani anaweza kunitengenezea kabati?

Anaweza, na mafundi wetu wana mikono mizuri. Tatizo huwa ni maelezo tunayowapa.

Kabati langu la kwanza nilimwambia seremala "inchi 19" nikaondoka. Alinitengenezea sanduku la mbao nzuri ya mninga, pembe zake huoni hata mwanya, upana wa nje inchi 19 kamili. Mbao zilikuwa za mm 18. Ukitoa mbili, ndani ilibaki mm 446.6, wakati mwili wa kifaa cha raki unahitaji uwazi usiopungua mm 450. Mm tatu na nusu tu, na kabati zima likawa rafu ya vitabu. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu sikumwambia inchi 19 ni za nini.

Siku hizi naandika namba tatu kwenye karatasi na kumwachia: uwazi kati ya reli mm 450, umbali kutoka katikati ya matundu ya kushoto hadi ya kulia mm 465.1, na upana wa ndani wa sanduku mm 486, ili masikio ya mm 482.6 yaingie bila kukwaruza.

Ukitoboa reli mwenyewe kwenye chuma cha pembe, matundu hayako kwa umbali sawa. Yanakwenda mm 15.875, 15.875, kisha 12.7, halafu yanarudia. Mpaka wa U moja na nyingine uko katikati ya ule mwanya mfupi wa 12.7. Anayeanza kuhesabu kutoka tundu lisilo lake hupata kifaa kinachofunga skrubu mbili na kukataa mbili.

Skrubu gani za kufungia raki?

Kabati la seva lenye matundu ya mraba hutumia nati za kizimba, zile zinazokaa ndani ya kifremu kidogo, kwa kawaida M6. Reli za Kimarekani mara nyingi ni 10-32, skrubu ya kipimo cha inchi. Hapa kuna mtego: M5 na 10-32 zina uzi unaokaribiana mno, mm 0.8 na mm 0.79, lakini M5 ni nene kidogo. Inaanza kuingia, inakaza, unafikiri ni kutu, unaongeza nguvu, na reli imekwisha. Skrubu isiyoingia kwa vidole katika mizunguko mitatu ya kwanza si yake.

Weka washa za plastiki chini ya vichwa. Zinalinda rangi.

Alumini au chuma? Unene gani?

Alumini ya mm 2 au 2.5 kwa moduli, mm 3 kwa paneli ndefu za upana mzima. Chuma cha mm 1.5 kinafaa kwa sanduku la umeme, kwa sababu kinasaidia kuzuia usumaku wa transfoma, jambo ambalo alumini haiwezi kulifanya. Usipite mm 3 kwenye moduli: volyumu ndogo nyingi zina shingo yenye uzi wa mm 5 tu, ukitoa unene wa paneli na washa, nati inabaki haina pa kushika.

Moduli niziunganishe kwa soketi za nyuma au kwa kebo bapa?

Soketi za DIN 41612, zile za pini 64 au 96, ni nzuri sana na zinataka usahihi ambao mkono peke yake hauufikii. Bodi ya nyuma ikipinda nusu milimita, moduli haizami. Kwa miksa ya kwanza tumia kebo bapa, yenye urefu wa kutosha kuivuta moduli nje kabisa ikiwa bado imeunganishwa. Utaivuta mara nyingi kuliko unavyodhani.

Panga waya za kebo kwa kupishana, ethi, laini ya sauti, ethi, laini ya sauti. Rezista za kuchanganyia ziweke kwenye moduli, si kwenye bodi kuu. Na umeme usipite kebo hiyohiyo; upe waya zake nene.

Umeme kiasi gani?

Hesabu kwa aisii. Opampu moja ya NE5532 (aisii ya kukuza sauti) hula kama mA 8, TL072 hula chini ya mA 3. Chaneli yenye NE5532 nane ni mA 64. Chaneli kumi na mbili ni mA 768 kwa upande wa plasi na nyingine kama hizo kwa upande wa mainasi. Regyuleta za LM317 na LM337, yaani aisii za kutuliza volti, zinaweza hadi ampea 1.5, lakini joto ndilo linaloamua. Ukizipa volti 22 zikatoa 16, kila moja inageuza wati 4.6 kuwa joto, na lazima zifungwe kwenye bati la kupozea.

Ukizifunga kwenye bati moja, weka mika (kipande chembamba kisichopitisha umeme) chini ya kila moja. Mgongo wa LM317 umeungana na volti zinazotoka, wa LM337 na zinazoingia. Bila mika umeunganisha nyaya mbili ambazo hazipaswi kuonana.

Transfoma weka kwenye sanduku lake, mbali na miksa, na uvute umeme ulionyooshwa (DC) kwa kebo ya mita moja au zaidi.

Kwa nini miksa yangu inavuma?

Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde. Kama mvumo ni mzito wa chini kabisa, ule wa 50, mara nyingi ni usumaku wa transfoma au ethi mbovu. Kama una ukali kidogo, kama wa nyuki, sikiliza 100: hiyo ni kapasita za umeme au regyuleta.

Lakini sababu ninayoikuta mara nyingi kuliko zote iko kwenye bati lenyewe. Alumini iliyotiwa rangi ya kianodi, ile ya fedha au nyeusi isiyobanduka, haipitishi umeme kwa juu. Chukua mita ya umeme, iweke kwenye mlio, gusa paneli kwa ncha mbili taratibu: kimya. Sasa kandamiza ncha moja kwa nguvu mpaka ichimbe, na nyingine vilevile: mita inalia. Maana yake paneli zako kumi na mbili, zinazong'aa zote, kila moja ni kisiwa. Hazijaunganishwa na fremu wala na jirani yake, na kila ukigusa feda, mkono wako unaingiza mvumo.

Dawa ni tupa ndogo na subira. Kwangua nyuma ya kila tundu la skrubu mpaka uone alumini tupu, weka washa yenye meno, funga. Fanya hivyo kwenye reli pia. Kisha pini 1 ya kila XLR iunganishe na bati palepale inapoingilia, kwa waya mfupi kadiri inavyowezekana, isisafiri kwanza hadi ndani ya bodi. Mhandisi wa sauti Neil Muncy alilieleza kosa hilo la pini 1 mwaka 1995, na kiwango cha AES48, cha chama cha wahandisi wa sauti, kilipotoka mwaka 2005 kikalikataza. Bado nakutana nalo, hata kwenye vifaa vya kununua.

Niweke chaneli nyingi, zisizotumika nizizime?

Chaneli iliyozimwa bado ina gharama. Kwenye kichanganyio cha kawaida, opampu ya mwisho hukuza kelele yake mwenyewe kwa idadi ya chaneli kuongeza moja. Chaneli 12 ni mara 13, karibu dB 22. Chaneli 24 ni mara 25, karibu dB 28. Jenga unazozihitaji, na nafasi iliyobaki ifunge kwa paneli tupu, ili vumbi lisiingie na mikono ya watoto vilevile.

Nitoboe paneli zote kwa pamoja?

Toboa moja. Na kabla ya hiyo moja, kata boksi gumu kwa kipimo kilekile, bandika volyumu na feda halisi, na uiweke juu ya meza unayofanyia kazi kwa wiki nzima. Kila ukipita, shika. Ya kwangu ya mwisho ilihama mara mbili kwenye boksi: volyumu ya gein ilikuwa juu mno, ikishikwa kiwiko kinazima taa ya meza, na swichi ya kuzima chaneli ilikuwa chini ya kiganja. Alumini niliikata siku ya nane.